Mfalme Min Saw Mon wa Arakan: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wasomaji wengi wa Kiswahili hukutana na jina la Min Saw Mon, mfalme wa Arakan ya zamani (leo magharibi mwa Myanmar), pale tu habari za Warohingya, Waislamu wa huko, zinapogusa historia, na hapo huletewa nusu ya kisa. Huyu humwita mfalme wa Kiislamu, yule humwita kibaraka wa Bengal, mwingine mwasisi wa dola ya Wabudha. Mimi naona jambo kubwa kwake ni hili: alikuwa mkimbizi kwa zaidi ya miaka 22 kabla hajawa mfalme wa kukumbukwa, na aliyoyajenga baadaye yalitoka huko ukimbizini. Majibu haya yanafuata uzi huo, na pale simulizi zinapopingana nimesema wazi kwamba zinapingana.

Min Saw Mon alikuwa nani?

Alikuwa mfalme wa mwisho wa ukoo uliotawala Arakan kutoka mji wa Launggyet, na papo hapo mfalme wa kwanza wa ufalme mpya wa Mrauk-U. Alizaliwa mwaka 1380. Alitawala mara mbili: kwanza kuanzia 1404 hadi 1406, kisha kuanzia 1429 hadi alipofariki mwaka 1433. Ukijumlisha vipindi vyote viwili, hakukalia kiti hata miaka saba. Ufalme alioanzisha, hata hivyo, ulidumu zaidi ya miaka 350, mpaka majeshi ya mfalme Bodawpaya wa Burma yalipouvunja mwishoni mwa 1784 na mwanzoni mwa 1785.

Mbona kila kitabu kinaandika jina lake tofauti?

Kwa sababu wafalme wa huko walikuwa na majina zaidi ya moja, na kila mwandishi wa Ulaya aliyanukuu alivyoyasikia. "Min" maana yake ni mfalme au mtawala, kwa hiyo si sehemu ya jina alilopewa utotoni. Utamkuta pia kama Min Saw Mun au Narameikhla. Wapo pia wanaomwita Suleiman Shah, na hilo lina mjadala wake, nitalifikia.

Arakan iko wapi?

Leo inaitwa jimbo la Rakhine, magharibi mwa Myanmar. Ni ukanda mrefu wa pwani kwenye Ghuba ya Bengal. Mashariki umezuiwa na safu ya milima ya Arakan Yoma inayoutenga na bonde la mto Irrawaddy, na kaskazini-magharibi unapakana na nchi ya Bengal. Mpaka wa leo na Bangladesh unapita kwenye mto Naf.

Msomaji wa pwani yetu ataielewa Arakan upesi akiikumbuka bahari yake. Upepo tunaouita kusi ukivuka ikweta hugeuka mwelekeo, ukapita juu ya Bahari ya Hindi na kuipiga milima ile kwa mvua nzito kuanzia Mei hadi Oktoba. Ndiyo iliyolisha mashamba ya mpunga kwenye mabonde ya Kaladan na Lemro, na mpunga ndio uliolisha wafalme. Tena nchi yenyewe imejaa mito na vijito vinavyofuata maji kujaa na kupwa, hivyo mtu alisafiri kwa mashua kuliko kwa miguu. Kwa njia ya maji, Bengal ilikuwa jirani wa karibu. Waburma wa bara walikuwa nyuma ya milima. Jambo hili dogo la jiografia linaeleza kwa nini mfalme aliyefukuzwa na watu wa bara alikimbilia walikokimbilia wengi baada yake.

Alipataje kiti mara ya kwanza?

Kwa urithi, lakini urithi wa nyumba iliyokwisha kuyumba. Tangu kufariki kwa mfalme Min Hti katika miaka ya 1370, Launggyet haikutulia: wakubwa wa nchi waligombana, na walifikia hata kumwomba mfalme wa Ava, upande wa pili wa milima, awapelekee mtu wa kuwatawala. Mwenye nyumba akimwita jirani aje kumchagulia baba wa familia, jirani huyo hatasahau njia ya kurudi. Baba yake Min Saw Mon, Razathu, alikuwa mfalme. Akafuatiwa na nduguye Theinkhathu. Kisha mwaka 1404 kiti kikamwangukia kijana wa miaka 24.

Kwa nini alipinduliwa baada ya miaka miwili tu?

Hapa kuna simulizi na kuna siasa.

Simulizi za Kirakhine zinasema mfalme kijana alimchukua kwa nguvu dada wa mkubwa mmoja wa nchi, na kaka mtu, kwa uchungu wa kuvunjiwa heshima, akavuka milima kwenda Ava kuomba jeshi. Tarihi nyingi za Asia, kama zilivyo tarihi za miji ya pwani yetu, hupenda kueleza kuanguka kwa dola kwa kisa cha mwanamke aliyedhulumiwa. Sisemi kwamba hakikutokea. Nasema hata bila kisa hicho vita vingekuja.

Siasa yenyewe ilikuwa hivi. Kati ya 1385 na 1424, dola mbili zilipigana kuitawala nchi tunayoiita Myanmar: Ava huko juu, na Hanthawaddy iliyokuwa na mji mkuu Pegu, upande wa chini karibu na bahari. Arakan ilikuwa pembeni, dhaifu, na yenye bandari. Watu wa Arakan nao walishambulia wilaya za mpakani za Ava upande wa Yaw, na Ava ikapata sababu. Mwishoni mwa Novemba 1406 jeshi la Ava liliingia Launggyet. Aliyeliongoza alikuwa mtoto wa mfalme, Minye Kyawswa, kijana aliyekuwa hajatimiza hata miaka ishirini. Min Saw Mon alikimbia. Nduguye mdogo, Min Khayi, naye aliishia ugenini, na tarihi kadhaa zinasema yeye alielekea Pegu.

Arakan ilikuwaje baada ya yeye kuondoka?

Vibaya. Ava ilimweka gavana aliyepewa jina la Anawrahta, ikamwoza binti wa mfalme wa Ava aitwaye Saw Pye Chantha. Mwaka 1408 Hanthawaddy ikaitwaa Launggyet, ikamuua Anawrahta, na mfalme Razadarit wa Pegu akamfanya yule binti kuwa mmoja wa wake zake. Kwa hesabu za kifalme hilo lilikuwa tusi kubwa kwa baba yake, nalo likazidisha vita. Kwa miaka mingi iliyofuata Arakan iliburutwa huku na huku. Leo bendera ya huyu, kesho ya yule. Hakuna aliyetawala nchi yote kwa raha, na ni uchovu huo wa watu ndio uliomwandalia mfalme wa zamani njia ya kurudi. Mwaka 1406 hakuwa na wengi wa kumlilia. Mwaka 1429 alikuwa ndiye mtu wa nyumbani.

Alipokimbia aliishi wapi, na aliishije?

Aliishi Bengal, chini ya masultani wake. Bengal ya wakati huo ilikuwa dola ya Kiislamu tajiri, yenye miji mikubwa ya Pandua na Gaur, viwanda vya nguo za pamba, na sarafu zake yenyewe za fedha. Sultani aliyempokea ni Ghiyasuddin Azam Shah, mtu aliyesifika kwa kupenda elimu na ushairi. Inasimuliwa kwamba aliandikiana na Hafiz, malenga wa Shiraz, akimwalika Bengal.

Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alipewa upanga. Tarihi za Arakan zinamwonyesha akitumika katika jeshi la sultani, tena akisifiwa kwa kazi yake vitani. Naamini hapo ndipo alipobadilika. Kijana wa kasri aliyepoteza nchi kwa msimu mmoja wa vita akawa askari katika jeshi la dola kubwa, akaona jinsi dola hiyo inavyokusanya kodi, inavyopiga sarafu, inavyoajiri wapiganaji wa kigeni na inavyoendesha bandari.

Akaona pia kwamba hata dola kubwa hutikisika. Baada ya Azam Shah kufariki karibu mwaka 1410, mwenye ardhi wa Kihindu aitwaye Raja Ganesha alishika nguvu zote za nchi. Sultani wa Jaunpur, upande wa magharibi, akajiandaa kuivamia Bengal. Mwafaka uliopatikana ni kwamba mwana wa Ganesha, aliyeitwa Jadu, asilimu na akalie kiti. Ndiye Sultani Jalaluddin Muhammad Shah, na mbali na mapumziko mafupi ya mwanzoni alitawala hadi 1433. Fikiria mkimbizi wetu akiyatazama hayo kutoka barazani: mtu anabadili dini na kupata kiti, na nchi inaendelea. Yeye mwenyewe hakufuata njia hiyo, lakini alijifunza kwamba Wabudha, Wahindu na Waislamu wangeweza kula sahani moja ya siasa.

Ni kweli kwamba kulikuwa na twiga Bengal wakati huo?

Ni kweli, na napenda sana kisa hiki. Mwaka 1414 mtawala wa Bengal alimpelekea mfalme wa China, Yongle, zawadi ya twiga. Wachina walistaajabu hata wakamfananisha na mnyama wa baraka wa hadithi zao, na mchoraji wa kasri akamchora. Twiga hawaishi Asia. Huyu alitoka Afrika, na mwaka uliofuata Malindi nayo ikapeleka wake huko huko China. Kwa hiyo Min Saw Mon alikuwa mgeni katika nchi iliyokuwa ikipokea mnyama kutoka upande wetu wa bahari. Sidai kwamba alimwona kwa macho yake. Nataja ili msomaji ajue ulimwengu ule haukuwa umefungwa: Arakan, Bengal, Malindi na China zilikuwa kwenye maji yale yale.

Alirudije madarakani?

Kwa jeshi la kuazima, na kwa majaribio mawili.

Mara ya kwanza Jalaluddin alimpa jeshi chini ya amiri aitwaye Wali Khan. Waliingia Arakan, lakini njiani amiri na mfalme wakakosana. Pengine amiri aliona hakuna haja ya kumtawaza mtu mwingine nchi aliyoiteka yeye. Hivyo ndivyo tarihi zinavyoashiria, kwani Wali Khan alimtia Min Saw Mon kizuizini. Mfalme akatoroka, akarudi tena Bengal. Hebu fikiri: mtu mwenye umri wa karibu miaka hamsini, amesaidiwa, amesalitiwa na msaidizi, anarudi mlangoni pale pale kuomba tena. Wengi wangekufa na aibu yao ugenini. Sultani naye angeweza kumfukuza.

Hakumfukuza. Alimpa jeshi la pili chini ya amiri mwingine, Sindhi Khan, na safari hii mambo yakaenda. Wengi wa wapiganaji walikuwa mamluki wa Kiafghani. Mwezi Aprili 1429 Min Saw Mon akatawazwa tena Launggyet. Kuna tarihi zinazosogeza tarehe hadi 1430, lakini mtiririko wa matukio ni huo huo.

Je, alikuwa kibaraka wa Sultani wa Bengal?

Mwanzoni alikuwa chini yake, naam. Mtu anayerudishwa na jeshi la jirani hulipa, na inaelezwa kwamba alimtambua sultani kama mkuu wake na akaachia eneo la kaskazini mwa nchi yake. Wale wanaoona haya kulisema hili wanamnyima sifa yake halisi. Alitoa alichotakiwa kutoa ili apate nafasi ya kupumua, na ndani ya miaka thelathini hivi warithi wake hawakuwa chini ya mtu. Nduguye Min Khayi alisogea kaskazini hadi Ramu, na tarihi zinasema mwana wa Min Khayi, Ba Saw Phyu, aliichukua Chittagong mwaka 1459, bandari kubwa ya Bengal yenyewe.

Je, alisilimu?

Hapana. Alibaki Mbudha, akajenga hekalu la Kibudha katika mji wake mpya, na wafalme wote waliomfuata walikuwa Wabudha.

Mkanganyiko unatokana na majina. Waandishi wengi wamesema wafalme wa Mrauk-U walijipa majina ya Kiislamu kuanzia kwake: yeye Suleiman Shah, Min Khayi akawa Ali Khan, Ba Saw Phyu akawa Kalima Shah. Mahali ambapo majina ya namna hiyo yanaonekana bila shaka ni kwenye sarafu, na sarafu hizo ni za baadaye sana, mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17. Min Razagyi, kwa mfano, alijiita Salim Shah, na mwanawe Min Khamaung akajiita Hussain Shah. Wanahistoria waliozichunguza sarafu hizo wanatilia shaka kama Min Saw Mon mwenyewe aliwahi kulitumia jina Suleiman, na mimi nakubaliana nao. Hata hivyo wazo la mfalme wa Kibudha kuvaa jina la kisultani ili aeleweke na wafanyabiashara na raia wake Waislamu lilizaliwa kwenye uhusiano aliouanzisha yeye.

Kwa nini aliuhama mji wa Launggyet?

Launggyet ilikuwa imetekwa mara nyingi mno. Kila jeshi liliijua njia. Wanajimu wa kasri walisema mji umeingiwa na nuksi, na kwa mtu yeyote aliyeishi miaka ile maneno hayo hayakuhitaji nyota kuthibitishwa.

Lakini wanajimu walitoa na onyo. Walimwambia kwamba akihamia mahali papya hatakaa muda mrefu duniani. Simulizi inasema alijibu kwamba ikiwa kufa kwake kutawaletea watu wake usalama, basi na afe. Mwaka 1430 kazi ya mji mpya ikaanza, na mwaka 1433 mfalme akafariki. Warakhine wanalisimulia hili kwa heshima kubwa, na naona sababu. Mfalme yule yule ambaye simulizi za ujana wake zinamshutumu kwa kuchukua cha mtu kwa nguvu, simulizi za uzee wake zinamwonyesha akitoa uhai wake. Watu walitaka kueleza kwamba aliyerudi si yule aliyeondoka.

Mrauk-U maana yake nini?

Maelezo yako zaidi ya moja. Linalopendwa na wengi ni la hekaya: "mrauk" ni tumbili na "u" ni yai. Tumbili na tausi walipendana msituni, likapatikana yai, na ndani yake akatoka mwana aliyekuja kuwa mwana wa mfalme. Wengine wanalisoma jina kama "mafanikio ya kwanza". Baadaye Waburma waliuita mji huo Myohaung, yaani mji wa zamani, kwa hiyo ukikuta Myohaung au Mrohaung kwenye ramani za Waingereza, ni mahali hapo hapo.

Mji wenyewe ulikuwa na ubora gani?

Mahali pake palichaguliwa na mtu aliyejua kushindwa vitani. Mrauk-U umekaa kati ya vilima vidogo vingi vilivyosimama karibu karibu. Huhitaji kujenga ukuta mrefu wa kuzunguka. Unaziba mianya kati ya kilima na kilima. Vijito vya maji ya bahari vinaingia hadi ndani, mashua zinapanda na maji yakijaa, lakini meli kubwa ya adui inakwama kwenye matope maji yakipwa. Wafalme waliofuata waliongeza mabwawa na mifereji, wakaweza kuyazuia maji au kuyafungulia.

Kutoka hapo mji unaifikia bahari bila kukaa ufukweni. Katika karne za 16 na 17 Wareno na Waholanzi waliufuata huko huko ndani. Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki ilinunua mchele na, ni lazima kusema, watumwa waliotekwa Bengal. Ukuu wa Mrauk-U ulikuwa na upande huo pia, na wasomaji wa pwani ya Zanzibar na Kilwa hawahitaji kuelezwa maana yake.

Alijenga nini yeye mwenyewe?

Hakupata muda wa kujenga mengi. Hekalu la Le-myet-hna, jina lenye maana ya nyuso nne, linahesabiwa kuwa lake, la mwaka 1430. Ni jengo la mawe lenye milango minne, zito na la kiasi, bila madoido ya mahekalu ya baadaye. Wafuasi wake Waislamu waliotoka naye Bengal nao walijenga msikiti uliojulikana kama msikiti wa Santikan, upande wa kusini-mashariki mwa kasri. Mfalme mmoja, miaka ile ile, mji ule ule: hekalu na msikiti.

Usichanganye Le-myet-hna na Shitthaung, hekalu kubwa lililo jirani yake. Hilo la pili ni la Min Bin, aliyetawala kuanzia 1531, na lilijengwa miaka ya 1535 na 1536. Picha nyingi za intaneti zinazoandikwa jina la Min Saw Mon ni za Shitthaung.

Je, waliokuja naye ndio mababu wa Warohingya?

Swali hili huulizwa kwa hasira kutoka pande mbili, na jibu la haki halizipendezi zote mbili kikamilifu.

Ni kweli kwamba Waislamu walikuja na Min Saw Mon mwaka 1429, kwamba wengine walibaki, na kwamba tangu hapo ufalme wa Mrauk-U ulikuwa na Waislamu katika jeshi, katika biashara na katika kasri. Katika karne ya 17 washairi Waislamu wa lugha ya Kibengali, Daulat Qazi na Alaol, waliandika wakiwa chini ya ulezi wa wakubwa wa kasri hilo. Mtu anayesema Waislamu ni wageni wa juzi huko Arakan anaifuta karne nzima baada ya karne.

Si kweli, hata hivyo, kwamba jamii nzima ya watu inaweza kufuatwa nyuma hadi kwenye msafara mmoja wa askari. Waislamu wa Arakan walitoka katika njia nyingi: mabaharia na wafanyabiashara wa kabla ya 1429, hao askari, mateka walioletwa kwa nguvu kutoka Bengal katika karne za 16 na 17, na wakulima waliohamia wakati wa Waingereza baada ya 1826. Haki ya mtu kuishi alikozaliwa haipaswi kungoja hesabu hiyo imalizike. Kuanzia Agosti 2017 zaidi ya Warohingya 700,000 walikimbia kuelekea Bangladesh, wengi wakivuka mto Naf, upande ule ule alioelekea mfalme wa Wabudha alipokimbia mwaka 1406. Yeye alifunguliwa mlango.

Alikufa lini, na nani alimrithi?

Alifariki mwaka 1433, akiwa na umri wa miaka 53 hivi. Aliyemrithi ni nduguye Min Khayi, aliyetawala hadi 1459. Ukifika Mrauk-U utaonyeshwa pia hekalu la Nyidaw, jina lenye maana ya mdogo wake mfalme. Ni la Min Khayi. Ingawa alitawala miaka zaidi ya ishirini na kuiimarisha nchi, watu waliendelea kumtaja kwa jina la kuwa ndugu wa yule.

Mwaka alipokufa Min Saw Mon ndio huo huo aliokufa Jalaluddin, sultani aliyempa majeshi mawili.

Naweza kwenda kuona mabaki ya mji wake?

Kwa sasa si safari ya kushauri. Vita vya Rakhine vilifika hadi hapo, na mwezi Februari 2024 jeshi la Arakan Army, kundi la waasi wa Kirakhine, liliutwaa mji kutoka kwa jeshi la serikali. Kabla ya hapo wageni walifika Sittwe kwa ndege, kisha wakapanda mto Kaladan kwa mashua kwa saa kadhaa. Sanamu tukufu ya Mahamuni, iliyokuwa fahari ya wafalme wa Arakan, haipo huko tena. Bodawpaya aliichukua baada ya ushindi wake, na leo iko Mandalay.

Je, kuna Waafrika waliowahi kufika kwenye mji huu?

Wapo, tena wengi. Wazee wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) waliokwenda "Bama" wakati wa Vita Kuu ya Pili walipigana zaidi upande wa bonde la Kabaw, kaskazini zaidi, lakini brigedi moja ya Afrika Mashariki, ya 22, ilipelekwa Arakan mwanzoni mwa 1945. Walioingia Mrauk-U yenyewe ni askari wa Afrika Magharibi: vijana wa Nigeria, Gold Coast, Sierra Leone na Gambia walioshuka na bonde la Kaladan kwa miguu, mizigo ikibebwa vichwani kwa sababu gari halikuwa na njia. Waliutwaa mji mwezi Januari 1945. Kwenye ramani zao uliandikwa Myohaung, na huko Sierra Leone jeshi liliendelea kuiadhimisha siku hiyo kwa jina hilo miaka mingi baada ya vita.